Zeelandia: ngome iliyopotea bila adui kupanda ukuta wake

Tarehe 1 Februari 1662, Frederick Coyett, gavana wa Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki kisiwani Taiwan, alikubali kuikabidhi ngome ya Zeelandia kwa jemadari wa Kichina ambaye Wazungu walimwita Koxinga. Miezi tisa ya kuzingirwa ilikuwa imekwisha. Mkataba uliwaruhusu Waholanzi watoke kwa heshima, bendera zikipepea, ngoma zikilia na bunduki zikiwa zimeshindiliwa, wapande merikebu zao warudi Batavia, makao makuu ya Kampuni barani Asia (leo Jakarta). Nyuma yao walibakiza mizinga, ghala za Kampuni na kila kilichokuwamo. Katika miezi hiyo tisa walikuwa wamepoteza watu wapatao 1,600.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema jeshi kubwa lilikuja likakishinda kikosi kidogo, basi, hakuna cha kuchambua. Wapo wanaosema Coyett alilegea, na hivyo ndivyo mahakama ya Batavia ilivyoamua. Ukiyafuata mambo yalivyokwenda, maelezo yote mawili hayatoshi. Jeshi hilo kubwa liliijaribu Zeelandia kwa mizinga ndani ya mwezi wa kwanza likapigwa vibaya, na mpaka mwisho hakuna askari wa Koxinga aliyeupanda ukuta ule. Naye Coyett ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuhusu hatari hiyo kabla haijafika. Ninachokiona mimi ni kwamba ngome ilipotea kwa sababu ya kilima cha mchanga kilichokuwa kando yake, ambacho kila mtu alikijua, na kwa sababu wakubwa wa Batavia walimwamini mtu aliyewaletea habari za gharama nafuu. Na vyote viwili vilitokana na hesabu za faida.

Duka lenye mizinga

Kampuni, yenyewe ikijulikana kwa herufi VOC, iliundwa mwaka 1602. Ilitaka mlango wa kuingilia biashara ya China. Mwaka 1622 ilijaribu kuwanyang'anya Wareno mji wa Macau ikashindwa, ikaenda kujishikiza kwenye visiwa vya Penghu. Serikali ya Ming, ukoo uliokuwa ukiitawala China, haikukubali. Mwaka 1624 majeshi yake yaliwabana Waholanzi hadi wakakubali kuhamia Taiwan, kisiwa ambacho Ming haikukitawala. Wakachagua ulimi wa mchanga uitwao Tayouan, mahali panapoitwa leo Anping, mjini Tainan. Huko walianza boma lililoitwa Orange, na mwaka 1627 likapewa jina la Zeelandia.

Mahali penyewe palichaguliwa na mfanyabiashara, si na mwanajeshi. Mkondo wa kuingilia merikebu ulipita chini ya ngome, na ng'ambo ya ghuba isiyo na kina kulikuwa na bara la kisiwa, mashamba na maji. Hariri ya China iliingia hapo ikaenda Japani, fedha ya Japani ikaja, ngozi za paa kutoka misitu ya Taiwan zikapelekwa Japani kwa wingi wa kutisha, na sukari iliyolimwa na wahamiaji wa Kichina ikasafiri hadi Uajemi. Kwa hesabu za vitabu, Taiwan ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyoipa Kampuni faida nono.

Ngome yenyewe ilijengwa vizuri, hilo halina ubishi. Matofali mengi yaliletwa kwa merikebu kutoka Batavia, yakaunganishwa kwa chokaa ya magamba ya chaza iliyochanganywa na maji ya sukari na uji wa mchele wenye kunata. Kipande cha ukuta wa nje bado kimesimama Anping, mizizi ya mtini imekikumbatia, na ukikitazama kwa karibu unaona matofali mekundu membamba yaliyoshikana kana kwamba ni jiwe moja. Sehemu ya juu ilikuwa mraba wenye buruji nne zilizochomoza kwenye pembe. Upande wa magharibi, chini yake, palikuwa na uwanja mwingine wenye kuta, ndimo ilimokuwamo nyumba ya gavana, ofisi na ghala.

Buruji hizo za pembe zinahitaji maelezo, kwa kuwa ndizo zilizoamua mambo ya mwezi Mei 1661. Ukuta ulionyooka una kasoro moja: adui akishafika chini yake, aliye juu hamwoni vizuri wala hawezi kumpiga bila kujitokeza. Buruji iliyochomoza kama ncha ya mshale huondoa kasoro hiyo. Mizinga iliyo kwenye buruji moja hupiga kandokando ya ukuta hadi kwenye buruji ya pili, na ya pili hupiga kuelekea ya kwanza. Anayeshambulia hujikuta akipigwa kutoka kulia na kushoto kwa wakati mmoja, wala hana pembe ya kujificha. China ilikuwa na mizinga mizuri na kuta nene kuliko za Ulaya, lakini mtindo huu wa kupishanisha risasi ulikuwa mgeni kwa makamanda wa Koxinga.

Sasa njoo kwenye kilima. Karibu kabisa na ngome palikuwa na kilima cha mchanga ambacho mtu akisimama juu yake aliangalia hadi ndani ya Zeelandia. Waholanzi waliliona tatizo hilo mapema. Walilitatua kwa kujenga kiboma kidogo juu ya kilima, wakakiita Utrecht. Kwa maneno mengine, usalama wa ngome kubwa uliwekwa mikononi mwa kibanda cha mawe chenye askari wachache. Kukizungushia kilima kizima buruji za kweli kungegharimu fedha nyingi, na Batavia ilikuwa ikilalamika kila mwaka kwamba ujenzi wa Taiwan unakula faida.

Kulikuwa na pengo la pili. Mbali na mkondo mkuu, palikuwa na mlango mwingine wa kuingilia ghubani, Lakjemuyse, wenye maji madogo. Kisiwa cha mchanga cha Baxemboy kilichoutazama mlango huo kilikuwa na kiboma chake. Mwaka 1656 dhoruba ilikiangusha, na hakikujengwa tena. Ikasemwa kwamba merikebu za maana haziwezi kupita pale.

Majirani wa ngome

Huwezi kueleza kuanguka kwa Zeelandia kwa kutazama kuta peke yake. Lazima uulize waliokuwa wakiishi kuizunguka walikuwa na sababu gani ya kuililia.

Wenyeji wa sehemu hiyo walikuwa Wasiraya, wakaazi wa vijiji kama Sinkan, Mattau na Soulang. Wapo waliofanya urafiki na Waholanzi ili kuwashinda jirani zao, na wapo waliolazimishwa. Mattau iliua askari wa Kampuni mwaka 1629, na mwaka 1635 Waholanzi walirudi na kikosi kikubwa wakaichoma moto. Mwaka uliofuata walikwenda kisiwa kidogo cha Lamey kulipiza kisasi cha mabaharia waliouawa huko miaka ya nyuma. Wenyeji walikimbilia pangoni, askari wakaziba matundu na kuingiza moshi. Mamia walikufa humo, wanawake na watoto wakiwamo, na waliobaki wakatawanywa, wengine wakapelekwa utumwani. Baada ya hapo wamisionari walifungua shule na kuandika Kisiraya kwa herufi za Kilatini, kazi ambayo wanaisimu wanaitumia mpaka leo, ila shule hizo zilisimama juu ya hofu hiyo.

Wahamiaji wa Kichina ndio waliolima mpunga na miwa. Kampuni iliwakaribisha, halafu ikawatoza kodi ya kichwa kila mwezi, na askari wakawa wanaingia nyumba hadi nyumba usiku kukagua vibali na kupora. Septemba 1652 mkulima Guo Huaiyi aliongoza maelfu kuasi. Silaha zao zilikuwa mundu, mianzi iliyochongwa na bunduki chache. Kikosi kidogo cha Waholanzi wenye bunduki, pamoja na wapiganaji wa Kisiraya, kiliwamaliza kwa siku chache, na waliouawa walihesabiwa kwa maelfu.

Kampuni ilipata mambo mawili kutokana na uasi ule. La kwanza ni boma la pili, Provintia, lililojengwa mwaka 1653 ng'ambo ya ghuba. La pili ni imani kwamba Mchina hawezi kustahimili mlio wa bunduki. Imani hiyo iliua watu wengi baadaye, kwa kuwa waliopigwa mwaka 1652 walikuwa wakulima wenye njaa, na waliokuja mwaka 1661 walikuwa askari waliopigana vita kwa zaidi ya miaka kumi.

Onyo lililogeuzwa kosa

Koxinga, kwa jina lake Zheng Chenggong, alizaliwa mwaka 1624 Hirado, Japani, mama yake Mjapani na baba yake Zheng Zhilong, mfanyabiashara na haramia ambaye ujanani aliwahi kuwa mkalimani wa Waholanzi hao hao. Wamanchu, watu wa kaskazini mashariki, walipoiangusha Ming, baba alijisalimisha kwao. Mwana alikataa, akaendelea kupigana kutoka pwani ya Fujian akiwa na merikebu nyingi kuliko mtu yeyote katika bahari ile. Mwaka 1659 alijaribu kuuteka Nanjing akashindwa vibaya. Tangu hapo alihitaji mahali pa kuweka jeshi lake na kulilisha, na Taiwan ilikuwa hapo mbele yake.

Mwaka huo huo wa 1659 mkalimani wa Kampuni, He Bin, aligundulika kuwa amekuwa akimkusanyia Koxinga ushuru kimyakimya pale pale Tayouan. Alikimbilia kwa Koxinga, na inasimuliwa kwamba alichukua ramani ya mikondo ya ghuba. Huyu alikuwa mtu aliyeijua Zeelandia kama anavyoijua nyumba yake.

Mwaka 1660 uvumi wa vita ulienea. Wafanyabiashara wa Kichina walianza kuhamisha mali na familia. Coyett alikusanya habari, akaiandikia Batavia kuomba watu. Batavia ilituma merikebu 12 na askari 600 chini ya Jan van der Laan, lakini kwa sharti linaloonyesha walivyokuwa wakifikiri: kama Taiwan hakuna hatari, msafara uende ukaiteke Macau. Kwa hiyo Van der Laan alifika akiwa na haja ya kuona kwamba hatari haipo. Kwake, kila mwezi Coyett aliomuweka Taiwan ulikuwa mwezi wa kupoteza nyara.

Coyett alimwandikia Koxinga barua kumuuliza nia yake. Jibu lilijaa upole, likasema uvumi ni uvumi, na likaongeza jambo ambalo lingemshtua msomaji makini: kwamba yeye mara nyingi huwatangazia watu anakwenda mashariki wakati amekusudia kwenda magharibi. Van der Laan aliichukua barua hiyo kama ushahidi wa amani. Februari 1661 aliondoka na merikebu zake, akaondoka pia na maofisa, akiacha askari bila makamanda waliowazoea. Alipofika Batavia alimshtaki Coyett kwa woga na kwa kuharibu biashara. Baraza Kuu, chini ya Gavana Mkuu Joan Maetsuycker, lilimvua Coyett cheo na kumtuma Hermanus Clenk akachukue nafasi yake.

Hapa nataka kuwa wa haki. Coyett hakuwa malaika. Katika hofu yake aliwakamata wazee wa Kichina, akawaweka ngomeni kama dhamana, baadhi wakateswa ili waseme wanachojua, na mpunga wa wakulima ukaharibiwa usije ukamfaa adui. Kama kulikuwa na mkulima aliyekuwa bado anasitasita achague upande gani, hatua hizo zilimmalizia kazi. Ila juu ya swali lenyewe, kama Koxinga anakuja au haji, Coyett alikuwa sahihi, na aliyemdharau alikosea.

Asubuhi ya bamvua

Tarehe 30 Aprili 1661, ukungu ulipoinuka, walinzi wa Zeelandia waliona bahari imejaa merikebu, mamia. Mwezi ulikuwa mchanga, na kila mtu wa pwani anajua maana yake: bamvua, maji yanajaa kupita kawaida. Merikebu za Koxinga hazikuja kwenye mkondo mkuu uliolindwa na mizinga. Ziliingia kwa mlango wa Lakjemuyse, ule usiopitika, zikielea juu ya maji yaliyojaa, mbele ya Baxemboy isiyokuwa tena na kiboma. Kwa saa chache maelfu ya askari walikuwa ufukweni, na wakulima wa Kichina walifika na mikokoteni kuwasaidia kupakua. Jeshi lote linakadiriwa kuwa na watu 25,000. Waholanzi walikuwa na askari wasiozidi 1,200 au karibu na hapo, waliogawanyika kati ya ngome, maboma na vijiji.

Kapteni Thomas Pedel alichukua watu 240 akavuka kwenda Baxemboy kuwatimua waliotua. Alikuwa na uhakika kamili. Masimulizi ya Coyett yanasema ilikuwa imani ya kawaida kwamba Wachina wakisikia harufu ya baruti na kuona wachache wao wameanguka watatimua mbio. Pedel alipanga safu, ikafyatua mara ya kwanza, ikafyatua mara ya pili. Waliokuwa mbele yao hawakukimbia. Walijibu kwa mvua ya mishale na kusonga mbele, huku kikosi kingine cha mamia kikizunguka nyuma ya mchanga na kutokea mgongoni. Waholanzi walivunjika. Wengine walitupa bunduki bila kuzifyatua. Pedel alikufa pale pamoja na watu 118.

Baharini, merikebu kubwa ya Hector ilipigana hadi ikalipuka kwa baruti yake yenyewe. Boma la Provintia, lenye watu wachache na maji na baruti ya kubahatisha, lilijisalimisha tarehe 4 Mei chini ya Jacob Valentijn. Vijiji vya Wasiraya viligeuka upande ndani ya siku chache.

Kuna jambo moja katika masimulizi ya Waholanzi ambalo msomaji wa Afrika Mashariki asilipite haraka. Koxinga alikuwa na vikosi viwili vya wapiganaji weusi wenye bunduki, wengi wao wakiwa wamewahi kuwa watumwa wa Waholanzi na kujifunza silaha hizo mikononi mwao. Baba yake pia alikuwa na walinzi weusi, wengi wao waliotoroka utumwa wa Wareno kule Macau, mji ambao Wareno waliupelekea watumwa kwa njia ya Goa, wakiwamo watu wa Msumbiji. Coyett aliandika kwamba wapiganaji hao walileta madhara makubwa. Waliotumikishwa walikuwa wamejifunza kazi vizuri, na walichagua upande.

Ukuta unashinda, ngome inabaki peke yake

Koxinga alidhani Zeelandia itafuata Provintia. Alimtuma mchungaji Antonius Hambroek, aliyemkamata bara, aende ngomeni kuwashawishi wajisalimishe. Mke wa Hambroek na baadhi ya watoto wake walibaki mateka. Binti zake wawili walikuwa ndani ya ngome. Hambroek alifikisha ujumbe, kisha akawaambia wakubwa wa ngome wasikubali. Waliomsihi abaki walikuwa wengi, binti mmoja alizimia na mwingine akamning'inia shingoni. Alirudi kwa Koxinga, na baadaye aliuawa pamoja na wanaume wengine wa Kiholanzi waliokuwa mateka.

Usiku wa kuamkia Mei 25, watu wa Koxinga walipanga mizinga 28 kwenye upande wa mji, mbele ya ngome, nyuma ya vikapu vilivyojazwa mchanga. Asubuhi walianza kupiga. Coyett aliwazuia wapiga mizinga wake mpaka adui akajaa uwanjani, akiamini ushindi umefika. Ndipo buruji zilipofanya kazi zilizojengewa: risasi kutoka pande mbili, pamoja na misumari iliyoshindiliwa ndani ya mizinga. Mamia walianguka. Waholanzi walitoka mbio wakaziharibu baadhi ya silaha zilizoachwa, wakarudi na bendera za adui. Koxinga hakurudia tena shambulio la namna hiyo kwa miezi minane. Alizingira, na kwa kuwa mchele ulikuwa umemwishia, alitawanya sehemu kubwa ya jeshi likalime.

Hii ndiyo sehemu ya kisa ninayoiona nzito kuliko zote. Kuanzia Juni hadi vuli, Koxinga alikuwa taabani. Askari wake walikufa kwa njaa na homa. Msaada wa maana ungeweza kumng'oa. Lakini alikuwa amechagua msimu kwa akili. Katika bahari ya China, kama katika bahari yetu, upepo una zamu: miezi ya baridi huvuma kutoka kaskazini, miezi ya joto kutoka kusini. Alikuja mwishoni mwa upepo wa kaskazini, ili merikebu yoyote itakayotaka kupeleka habari Batavia ikutane na upepo wa mbele kwa nusu mwaka. Waliozingirwa ndani ya Fort Jesus, Mombasa, kati ya 1696 na 1698, waliuhesabu upepo vivyo hivyo wakingoja msaada kutoka Goa.

Mahesabu hayo yaliharibiwa na merikebu ndogo tu, Maria. Nahodha wake alizunguka mashariki ya Ufilipino, akaupiga upepo wa mbele kwa siku zipatazo 50, akafika Batavia Juni. Baraza lililokuwa limemfukuza Coyett kwa woga likajua kwamba vita vimeanza. Clenk alikuwa ameshang'oa nanga kwenda kumrithi. Wakatuma chombo kumkimbiza, hakikumpata.

Clenk alifika mwishoni mwa Julai, akitarajia mapokezi ya gavana mpya. Akaona bendera nyekundu ya vita juu ya ngome na bahari imejaa merikebu za adui. Hakushuka. Alitoa sababu za hali ya hewa, akaenda Japani.

Msaada wenyewe, merikebu 10 na askari 700, ulifika Agosti 12 chini ya Jacob Caeuw, mwanasheria asiye na uzoefu wa vita. Nchi nzima ya maofisa wa bahari, na wakampa mwanasheria! Sielezi hilo ila kwa kusema kwamba Batavia bado haikuamini jambo hili ni kubwa. Dhoruba iliwasukuma baharini karibu mwezi mzima. Merikebu moja, Urk, ilipanda mwamba, mabaharia wake wakakamatwa na kuhojiwa, na Koxinga akajua idadi yote ya waliokuja. Septemba 16 Waholanzi walishambulia kwa pamoja, nchi kavu na majini. Upepo ukatulia, merikebu kubwa zikakwama kwenye maji madogo, na siku ikaisha kwa kupoteza merikebu mbili na watu zaidi ya mia. Baadaye Wamanchu wa Fujian walileta barua ya kutaka kushirikiana dhidi ya Koxinga. Caeuw aliomba yeye ndiye aende. Alipewa merikebu, akaziongoza hadi Siam, kisha Batavia. Zeelandia haikumwona tena.

Sajini na kilima

Desemba 16, 1661, Hans Jurgen Radis, sajini Mjerumani aliyekuwa na uzoefu wa vita vya Ulaya, alisema anakwenda kuwinda akahamia upande wa Koxinga. Alimweleza mambo mawili: walio ndani wamechoka, wanaumwa, wanakufa, na ufunguo wa ngome ni kiboma cha Utrecht. Chukua kilima, ngome yote iko wazi chini yako.

Radis ametupiwa laana nyingi. Alistahili baadhi. Lakini alichokisema hakikuwa siri ya kitaalamu. Kilikuwa katika fikra za kila mhandisi aliyewahi kusimama pale tangu miaka ya mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba sasa Koxinga alikuwa na mtu wa kumwonyesha namna ya kujenga mahandaki na vituo vya mizinga vinavyoweza kustahimili risasi za buruji. Somo la Mei 25 alikuwa amelielewa, na safari hii hakuukaribia ukuta.

Januari 25, 1662, mizinga yake ilielekezwa Utrecht kutwa nzima. Jioni kiboma kilikuwa kifusi. Waholanzi waliokuwamo waliziba matundu ya mizinga yao kwa misumari ili isitumike, wakaacha mapipa ya baruti ghalani chini na utambi unaowaka, wakakimbilia ngomeni. Mlipuko uliwaua askari wa Koxinga waliokuwa wameingia, na inasemwa yeye mwenyewe alikuwa njiani kwenda kukikagua. Usiku huo huo watu wake walianza kuchimba kilimani.

Baraza la ngome lilikutana. Walikuwapo waliotaka kutoka na kushambulia, wengi wakaona ni kujiua. Msaada wa mapema zaidi usingefika kabla ya miezi kadhaa. Tarehe 1 Februari masharti yakakubaliwa. Kwangu mimi, kujisalimisha kule kulikuwa uamuzi wa busara wa watu waliokwisha kuachwa, na kuliokoa maisha ya mamia.

Nani alilipa

Koxinga hakufaidi ushindi wake muda mrefu. Alikufa Juni 1662 akiwa na umri wa miaka 37, miezi minne tu baada ya kuingia Zeelandia. Ukoo wake ulitawala Taiwan hadi mwaka 1683, majeshi ya Qing, dola ya Wamanchu, yalipokuja. Ngome ilichakaa, ghuba ikajaa udongo hadi Tayouan ikaungana na bara, na miaka ya 1870 matofali yake yalibebwa kujengea boma jingine la pwani karibu na hapo.

Batavia ilihitaji mtu wa kubebeshwa. Van der Laan, aliyesema hakuna hatari, hakufikishwa popote. Caeuw alipewa adhabu nyepesi ya kusimamishwa kazi kwa muda. Coyett alifungwa, akashtakiwa kwa kuisalimisha ngome na mali ya Kampuni, akasimamishwa mbele ya mnyongaji aliyepitisha upanga juu ya kichwa chake kama alama ya kifo alichosamehewa, kisha akapelekwa uhamishoni visiwa vya Banda. Alikaa huko hadi mwaka 1674, jamaa zake walipoomba msaada wa Mwana wa Mfalme wa Orange, naye akaachiliwa kwa sharti la kutorudi tena mashariki.

Mwaka uliofuata, 1675, kitabu kilichapishwa Amsterdam kikiwa na herufi C.E.S. mahali pa jina la mwandishi, na kichwa chake kilisema wazi kwamba Formosa, jina ambalo Wazungu waliipa Taiwan, ilitelekezwa. Karibu kila mtu anakubali kwamba ni Coyett. Anajitetea humo, na mahali pengine anajipaka mafuta kupita kiasi. Lakini aliambatanisha nyaraka: maazimio ya baraza na barua zilizopita kati ya Zeelandia na Batavia. Ukizisoma kwa mfuatano wa tarehe unaona maombi ya watu na ya kuimarisha ulinzi yaliyotoka Taiwan kabla ya Aprili 1661, na unaona majibu ya Batavia kuhusu gharama.